Tenda Wema Nenda Zako: Methali kwenye Barabara ya Kanyabayonga

Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Hakuna mtoto aliyesoma Kiswahili shuleni asiyeijua methali hii, na walimu wengi huimaliza kwa sentensi moja: usitende jema ili ulipwe. Hawakosei, ila wanaishia mlangoni. Ndani ya methali hii mna swali ambalo watu wa dini na wasioamini Mungu wamebishana juu yake karne nyingi: mtu hutenda wema kwa sababu gani, na ni imani inayomfanya awe mwema, au angekuwa mwema hata bila hiyo?

Tuipeleke kwenye barabara ya taifa namba 2, pale Kanyabayonga, mji wa mlimani mpakani mwa Lubero na Rutshuru, huku kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo. Ijumaa jioni, tarehe 28 Juni 2024, mji huo uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Watu walikuwa wameshaanza kukimbia kuelekea kaskazini: Kayna, Kirumba, Lubero, hadi Butembo. Chukudu, zile baiskeli za mbao zilizozoea viazi na makaa, zikabeba magodoro, masufuria, na bibi kizee asiyeweza kutembea. Huko walikofika, wengi hawakupokewa na kambi, walipokewa na watu. Mama mwenye vyumba viwili akajikuta na familia tatu. Jiko likawa chumba cha kulala, bugali ya watu saba ikagawiwa watu kumi na watano, na sombe ikaongezwa maji. Jumapili tarehe 30, siku mbili tu baadaye, Kirumba nayo ikachukuliwa, na waliopokea wageni jana wakawa wageni wa wengine. Mwenyeji kama huyo angengoja shukrani kutoka kwa nani, na akiwa wapi?

Mlangoni mgeni haulizwi kama ni Mkatoliki, muumini wa kanisa la Kibaptisti la CBCA, Mwadventista au Mwislamu. Anaulizwa: mko wangapi? Watoto wamekula? Lakini tusidanganyane. Siku hizi huulizwa pia kabila, na jibu lisilopendeza laweza kumfungia mtu mlango, hata kwenye nyumba yenye rozari ukutani. Hapo ndipo ubishi unapoanza.

Muumini wa kwetu ana hoja nzito. Anasema, mcha Mungu si mtovu, na anakuonyesha Butembo. Askofu Emmanuel Kataliko aliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, miaka ambayo serikali ya Zaire, ile Kongo ya Mobutu, ilikuwa jina tu huku kwetu. Aliwahimiza watu wajitengenezee barabara, wajenge shule na vituo vya afya, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikaanzishwa mjini humo. Alipokuwa Askofu Mkuu wa Bukavu aliandika ujumbe wa Noeli ya 1999 akilaani uporaji na utawala wa mabavu. Februari 2000 waasi wa RCD wakamfukuza Bukavu, wakamrudisha Butembo kama mfungwa asiye na minyororo. Akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, wiki chache baada ya kuruhusiwa kurudi jimboni. Hata Mobutu alilijua somo hili kwa njia ngumu: mwaka 1974 alizitaifisha shule za makanisa, na 1977 ikabidi atie saini mkataba wa kuyarudishia, maana zilikuwa zimemshinda. Basi anayesema kwamba dini haijawafaa kitu watu wa Kivu hajawahi kuugua wala kusomesha mtoto hapa.

Hata hivyo, kuvuka mpaka tu kunatosha kuitikisa hoja hiyo. Rwanda ya 1994 ilikuwa nchi ambayo karibu kila mtu alikuwa amebatizwa. Mauaji ya kimbari yalipoanza, kule Ntarama na Nyamata watu waliuawa makanisani walikokimbilia. Kule Nyange, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya vichwa vya waliojificha ndani, na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha, ambayo katika rufaa ya 2008 ilimpa kifungo cha maisha. Wakati huohuo, Gisenyi, hatua chache kutoka Goma, Félicité Niyitegeka, mlei wa Kikatoliki na Mhutu, alikuwa akiwaficha Watutsi na kuwavusha usiku hadi upande wa Zaire. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka ajiokoe. Alikataa kuwaacha, akauawa pamoja nao mwezi Aprili. Padri na mlei hao walisali sala moja na kukomunika ekaristi moja.

Beni nako tumeona hayohayo kwa upande wa Uislamu. Waasi wa ADF wanachinja raia tangu Oktoba 2014, na wanadai wanafanya hivyo kwa jina la dini. Tarehe 1 Mei 2021, katikati ya Ramadhani, Sheikh Ali Amini Othman, aliyekuwa akiwakemea wauaji hao hadharani, alipigwa risasi msikitini mjini Beni. Anayetaka kuipima dini hiyo kwa ADF ni lazima aiweke maiti ya sheikh huyo kwenye mzani uleule.

Ndiyo maana methali yetu haikusema amini wema, wala hubiri wema. Imesema tenda. Haikumwuliza mtendaji anasali wapi. Tena haikuishia hapo. Usingoje shukrani ni neno linalomchoma muumini kuliko anavyodhani. Anayempa maskini bakuli la maharagwe huku akihesabu thawabu, je, ametenda wema au amefungua akaunti mbinguni? Wenye dini wenyewe walilijua tatizo hili zamani. Rabia wa Basra, yule mwanamke wa Kisufi wa karne ya 8, anakumbukwa kwa kukataa ibada ya woga wa Jehanamu na ibada ya tamaa ya Pepo. Injili ya Mathayo, sura ya 6, inawakemea wanaotoa sadaka ili waonekane. Na katika Luka, aliyemhudumia majeruhi wa njiani si kuhani wala Mlawi bali Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji walimwona kuwa na imani potovu.

Asiyeamini Mungu asishangilie mapema. Yeye hujisifu kwamba wema wake ni safi kwa sababu hangoji pepo. Lakini shukrani ina sura nyingi, na mojawapo ni kujiona bora kuliko wanaopiga magoti. Isitoshe, historia haikumpa cheti. Albania ilijitangaza nchi isiyo na Mungu mwaka 1967, ikafunga makanisa na misikiti, ikawatia mapadri na mashehe gerezani, na haikuzaa watu wapole kuliko majirani zao. Atanitajia Denmark, ambako wengi hawaendi kanisani, na ambayo katika kipimo cha rushwa cha Transparency International cha mwaka 2024 ilipata alama 90 kwa 100, wakati Kongo yetu, inayojaza makanisa kila Jumapili, ilipata 20. Takwimu hiyo inaniuma, na sina haja ya kuikwepa. Ila haithibitishi anachotaka. Mdenmark haibi kwa sababu hesabu hukaguliwa, hakimu hanunuliki kirahisi, na mwalimu analipwa mshahara wake mwisho wa mwezi. Mhamishe huyohuyo kwenye kizuizi cha barabara Kivu, mpe bunduki, mnyime mshahara miezi sita, kisha tuzungumze juu ya maadili.

Hapa naona methali yenyewe inafika kikomo. Inamfaa mtu mmoja, haitoshi kuongoza jamii. Yule mama wa vyumba viwili aliwalisha wageni kutoka ghala lake mwenyewe, na maharagwe ya mbegu yalipokwisha, mwenyeji na mgeni walilala njaa pamoja. Wema wa kutenda na kuondoka unahitaji nyuma yake watu waliojipanga: anayeandika majina, anayejua gunia limetoka wapi na limekwenda kwa nani. Kwetu kazi hiyo imefanywa zaidi na mashirika ya parokia, Caritas, hospitali za CBCA na misikiti, kwa sababu serikali haikuwepo. Kwingine inafanywa na manispaa. Sioni kwamba Mungu anapungukiwa kitu manispaa ikiifanya vizuri.

Kuna pia wale wanaotenda wema lakini hawaendi zao. Anayegawa unga na kumpanga mkimbizi mbele ya bango apigwe picha. Mwanasiasa anayekuja na chumvi na fulana. Mhubiri anayewapa chakula waliofiwa, kisha anawahesabu kama waumini wapya. Hawa wote wamelipwa tayari, na methali imewatoa kwenye orodha ya watenda wema, wawe wanamtaja Mungu au la.

Jibu langu, basi: mtu mmojammoja, imani humtia nguvu ya kutenda lile ambalo moyo wake umeshalielekea, jema au baya. Félicité alichota ushujaa kutoka chemchemi ileile ambayo Seromba naye aliinywa. Jamii nzima hubadilishwa na kuwajibika, na dini imesaidia pale tu ilipokubali kuwajibika yenyewe. Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa parokia, makanisa na misikiti ya Butembo na Beni: michango mnayokusanya kwa ajili ya waliokimbia Kanyabayonga, isomeni hesabu yake hadharani, franka kwa franka, kilichoingia na kilichotoka. Na wewe usiyesali popote, kakae mstari wa mbele siku hiyo uulize maswali, kisha nawe utoe mchango wako.