Mmea Usioliwa

Huko Ulaya na Marekani, mtu akitaka kufuga kaktasi nyumbani huenda dukani kununua mawe ya volkano. Yamepondwa, yameoshwa, yametiwa kwenye mifuko midogo yenye picha, na bei yake si ya mchezo. Sababu inaeleweka: mzizi wa kaktasi ukilala kwenye maji huoza, na jiwe la volkano, kwa kuwa limejaa matundu, hupitisha maji haraka na kubakiza hewa. Sisi wa Kanyaruchinya mawe hayo tunayakanyaga tangu kitandani hadi chooni. Yanakata ndala, yanachubua watoto magoti, yanakunja majembe. Choo chenyewe hakichimbwi kwa jembe, kinapasuliwa kwa mtaimbo na nyundo. Mwambie mtu wa huku kwamba kuna watu wanayalipia, atakuuliza wanapatikana wapi, na kama wanalipa kwa dola au kwa franka.

Tunakaa kilomita chache kaskazini ya Goma, kando ya barabara ya Rutshuru, na Nyiragongo yenye mita 3,470 imetuinamia. Mlima huu ulimwaga moto tarehe 10 Januari 1977. Ukarudia tarehe 17 Januari 2002, ukafunika sehemu ya mji mpaka ziwani. Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, ukaikata barabara yetu, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Kila mara unatuachia mwamba mpya. Miaka ya kwanza hakioti kitu juu yake. Baadaye unashika ule utando wa kijivu, halafu kangaga zinajipenyeza kwenye nyufa, na mpaka udongo upatikane wa kupanda maharagi, aliyeukimbia moto akiwa kijana huwa ameshazeeka.

La ajabu zaidi ni maji. Mvua hapa si haba. Inapiga mabati mpaka watu hawasikilizani, halafu ikikatika hukai muda huoni hata dimbwi, maana mwamba umeyanywa yote. Mto hatuna, kijito hatuna. Mtu ameloa chapachapa na bado anabeba bidoni yake ya manjano kwenda kupanga mstari wa maji. Juu ni masika, chini ni jangwa.

Kwenye jangwa hilo ndipo nilipoleta kaktasi. Niliinunua mjini, kwa muuza maua wa kando ya barabara, kwa bei ya kilo mbili za maharagi. Ilikuwa na ukubwa wa yai la kuku, na hata leo imezidi kidogo tu. Jirani yangu, mama anayelima na kuuza lengalenga, alikuja kuitazama mlangoni.

“Mwalimu, ile kitu inaliwa?”

“Hapana, mama.”

“Ni dawa?”

“Si dawa.”

“Inafukuza nyoka? Wachawi?”

“Haifukuzi mtu.”

“Sasa?”

Niliishiwa jibu, na swali lake lina haki. Lengalenga lake linaota kwenye vishimo vya kati ya mawe, katika udongo alioubeba mwenyewe kwa karai. Wiki tatu au nne baada ya kusia, anachuma, anafunga mafungu, anayapakia kwenye pikipiki ya motari, na saa mbili asubuhi yuko soko la Virunga. Kwake kila shubiri ya ardhi hutoa hesabu. Mimi nimetoa maharagi nikarudi na miiba.

Kabla sijajitetea, nieleze namna ninavyoitunza, maana huenda yuko msomaji anayetaka kujaribu. Nilichukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikalitoboa chini kwa msumari matundu mengi. Nikaponda mawe, nikayachekecha kuondoa vumbi, kwa sababu vumbi ndilo linaloziba, kisha nikachanganya na udongo kidogo, kama theluthi moja. Kopo linakaa chini ya ukingo wa paa, upande unaopata jua la asubuhi. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaoogopa baridi ya theluji. Huku kwetu adui ni mvua. Kaktasi ikiachwa nje kwenye mvua za Aprili inavimba, inapasuka, halafu inalainika kuanzia chini na kuanza kunuka. Yangu inapata kikombe kidogo cha chai, kisha hapana tena mpaka kopo lote likauke. Naikinga pia kwa sababu ya mlima: miaka ambayo moshi wake ni mzito, mvua hushuka na tindikali, na tumeona majani ya maharagi yakiungua madoadoa.

Yenyewe majani haina. Miiba yake ndiyo majani yaliyogeuka. Ukiikaribia sana, mpaka pua ianze kuhofia, utaona kila fungu la miiba limeota juu ya kijiduara cha manyoya meupe. Kijiduara hicho ndicho kitambulisho cha ukoo. Ile mimea yetu yenye utomvu mweupe unaodhuru macho, tunayoipanda kuwa ua, hainacho, hata iwe na miiba na umbo la kudanganya namna gani. Kileleni, katikati kabisa, miiba mipya inachomoza ikiwa myekundu na laini. Unaigusa kwa ncha ya kidole nayo inainama bila kuchoma. Baadaye inakuwa migumu, inapauka, inasogezwa pembeni na mingine. Hapo tu ndipo unapojua kwamba mmea unakua. Ukiupima kwa rula utakata tamaa.

Na yangu haijavunja rekodi ya uvivu. Saguaro, kaktasi kubwa ya jangwa la Arizona na Sonora, ikitimiza miaka 8 huwa na urefu wa kama sentimita 3 tu, na mkono wake wa kwanza huweza kusubiri mpaka ipite miaka 50. Ukoo wote huu ni wa bara la Amerika, isipokuwa jamaa mmoja aliyevuka mwenyewe, Rhipsalis baccifera, anayening’inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu ya Afrika, Kongo ikiwemo, mpaka Madagaska na Sri Lanka. Huyo aliyekuja kuishi kwetu bila kuletwa na mtu hana miiba ya kutisha, na jangwa halijui. Wanaodhani wanaijua kaktasi kwa kutazama picha za sinema za cowboy wangeshangaa.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa Goma atalielewa kuliko wengine. Kaktasi huvuta hewa usiku. Mchana hufunga vitundu vyake isipoteze maji, na giza likiingia huvifungua ikavuta kaboni dioksidi, ikaihifadhi kama tindikali mpaka jua litoke ndipo iitumie. Hewa hiyohiyo ndiyo mazuku yetu, ile inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, ikaua mbuzi na wakati mwingine mtu aliyelala. Sisemi kaktasi itatukinga na mazuku. Jirani yangu angeliuliza hilo pia, na ningelazimika kumjibu hapana tena.

Watu wema wamenipa jibu la kumpelekea. Mwambie inafundisha subira, wanasema. Nimelisikia hilo hata kanisani, kwamba mmea unaokua taratibu ni mwalimu wa wanadamu wenye haraka. Hapo nakataa. Mama aliyeamka saa kumi usiku kuweka bidoni yake kwenye mstari, akaikuta ya arobaini, hahitaji kufundishwa subira na mmea wa kwenye kopo. Subira tunayo, tena imezidi. Tunasubiri maji, tunasubiri umeme, tunasubiri barabara ifunguliwe bei ya makaa ishuke, tunasubiri mlima na tunasubiri amani. Walimu wenzangu wanajua kusubiri mshahara. Mtu akiniambia tunakosa subira nitajua kwamba hajalala Kanyaruchinya hata usiku mmoja.

Kusubiri kwetu kuna mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Mstarini kuna anayeamua mpira wa maji ufunguliwe saa ngapi, na nikiondoka nafasi yangu imepotea. Kopo la mlangoni halina mkubwa. Nikitaka naliangalia, nisipotaka silali njaa. Hakuna aliyeniita kuandikisha jina, na hakuna atakayekuja kukagua kama nimelitunza ipasavyo. Kwa mtu ambaye mambo yake mengi yamepangwa na moto, bunduki na foleni, hilo si dogo.

Mei 2021 tulikimbia. Nilibeba godoro, sufuria na kadi ya uchaguzi, na kopo nikaliacha palepale. Nyumba ilinusurika. Tuliporudi, lengalenga la jirani lilikuwa limelala chini lote, naye alilia, na alikuwa na sababu. Kaktasi ilikuwa kama ilivyokuwa, haijui hata kama kuna mtu aliondoka. Sikuona fahari yoyote katika hilo. Angeniuliza siku ile mmea upi una maana zaidi, ningemwonyesha wake.

Lakini baadaye nilianza kuitazama kambi ya wakimbizi ya hapa kwetu kwa jicho lingine. Kanyaruchinya iliwahi kupokea waliokimbia vita mwaka 2012, na kuanzia 2022 wakaja tena, makumi ya maelfu, kutoka Rugari, Kibumba na kwingineko Rutshuru, wakasimamisha vibanda vya turubai juu ya mwamba mweusi. Mwanzoni mwa 2025 vita vilipoingia Goma, kambi ikavunjwa na watu wakatawanyika. Miaka ile nilipokuwa nikipita, niliona chupa ya plastiki iliyokatwa katikati, imetiwa udongo, na ndani yake ua la waridi la kawaida, lile linalochipua kwa kuchomekwa tu. Iliwekwa mbele ya kibanda ambacho mtu akinyoosha miguu inatoka nje. Aliyeipanda alikuwa amepoteza shamba, ng’ombe na nyumba. Udongo ule alikuwa ameutafuta, maana hapa udongo hautapakai ovyo, na angeweza kuutilia kitunguu.

Kwenye orodha za msaada kuna unga, maharagi, mafuta, chumvi, sabuni, turubai. Ni sawa, mwenye njaa apewe chakula. Ila orodha ikisomwa miaka na miaka, anayeiandika huanza kumwona aliyeandikiwa kuwa ni tumbo lenye jina, na ubaya zaidi ni kwamba mwenye tumbo naye huanza kujiona hivyo. Akinunua ua, anaona aibu. Akinunua kaktasi, jirani anamwuliza inaliwa.

Na jirani mwenyewe! Ingia kwake. Nyumba ya mbao, sakafu ya mawe yaliyosagwa, na juu ya kila kiti kuna kitambaa cheupe alichokishona kwa sindano ya kufumia, maua matupu, kimefuliwa na kupigwa pasi ya makaa. Kinaliwa? Hakilindi hata kiti, kwa sababu mgeni akija kinaondolewa kisichafuke. Hii ndiyo nchi ya masapeur, ambako kijana hulala na chai kavu ili Jumapili aonekane na viatu vinavyong’aa, na mtaa mzima ukasimama kumpigia makofi. Kwa hiyo Wakongo hatujawahi kuwa watu wa tumbo tu. Ila tumezoea kujieleza kama matumbo tu mbele ya wageni.

Nilimwambia hayo, kwa kifupi. Nikamalizia: “Ni yangu, mama. Basi.”

“Maharagi pia yangekuwa yako, Mwalimu.”

Hapo nikakosa la kusema. Hatujapatana mpaka leo, ingawa akipita huinama kuangalia kama kuna mwiba mpya, na mimi lengalenga lake nanunua kila jioni.

Kuna rafiki yangu anayefanya kazi na shirika moja la misaada. Nilipomsimulia habari hizi alichangamka sana, akasema ni wazo zuri, mimea midogo inaweza kuingizwa kwenye mradi, kila familia ikapewa mmoja kwa ajili ya kutuliza moyo. Nilimsihi asithubutu. Wakishaanza kugawa kaktasi itabidi iwepo orodha, na jetoni, na kiongozi wa bloki atakayeandika jina la shemeji yake mara mbili, na mstari unaoanza saa kumi usiku, na picha ya mama mmoja akitabasamu ameshika kopo. Halafu mwezi unaofuata atakuja kijana mwenye daftari kuuliza imekua sentimita ngapi.