Mama Azibaye Masikio



Mama akiziba masikio mtoto wake aliapo, je, amepungukiwa na upendo? Wengi hujibu upesi ya kwamba ndivyo. Na tulifikiri jambo hili, maana hukumu ya upesi imekwisha kuwaumiza watu wengi.

Mwaka 1943 tabibu Leo Kanner, wa Baltimore katika Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye hali ambayo sasa twaiita usonji. Baadhi yao waliogopa mno sauti za mashine. Tena aliandika kwamba wazazi wao wenye moyo mchangamfu walikuwa wachache. Baadaye likaenea neno baya, kwamba ubaridi wa mama ndio uletao usonji. Bruno Bettelheim alilieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1967, ingawa Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto wa namna hiyo, alikuwa amelipinga mwaka 1964. Siku hizi wataalamu wamelikataa kabisa: usonji hautokani na ubaridi wa mama, bali kwa sehemu kubwa hutokana na urithi wa mwili.

Mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi wa akina mama 50 wenye watoto wa usonji. Wengi wao walionekana kuwa na hisi zisizolingana na za watu wengine. Mtu wa namna hii aweza kuumizwa na kelele, au mwanga, au mguso wa nguo, ambavyo jirani yake havimsumbui.

Basi, mtazameni mama wa namna hii. Mtoto alia kwa sababu kengele yamchoma masikio. Na kilio cha mtoto chamchoma mama. Wote wawili wana maumivu mamoja, lakini yeye ndiye apaswaye kumtuliza mwenzake. Akitoka nje kidogo apumue, twanena, "Mama gani huyu?" Wala hatuangalii ya kwamba amerudi. Na kurudi huko ndiko kupenda.

Mwingine atasema, "Kama ni urithi, si yeye aliyemrithisha?" Namjibu: urithi si kosa. Lawama humfuata mtu kwa atendalo kwa hiari, si kwa alivyozaliwa. Tena huenda mama huyu amfahamu mtoto kuliko sisi sote, maana ayajua maumivu yale kwa mwili wake mwenyewe.

Hata hivyo haki ya mtoto ya kutunzwa yabaki palepale. Kwa hiyo neno latugeukia sisi jirani zake. Aulizaye kwa nini mama ameziba masikio, na ajiulize kwanza kama alipata kumshikia mtoto yule hata kwa nusu saa.