Pikipiki ya Kulipia Kila Siku: Je, Ni Kukodi, Ni Kununua, au Ni Riba?

  

Ndugu zetu Waislamu wa Kisii na Nyamira, pita Daraja Mbili, Suneka, Keroka au Nyamira mjini, utawaona vijana wamepanga pikipiki zao wakingoja abiria. Wengi katika hao, pikipiki si zao. Mwalimu au karani akitaka chombo, hukatwa katika mshahara wake mwisho wa mwezi. Kijana wa bodaboda hana mshahara wa kukatwa, basi hukatwa katika jasho la siku. Huambiwa: "Toa kitangulizi, chukua pikipiki, lipa kila siku kwa simu, na ukimaliza ni yako." Akichelewa, pikipiki hufuatwa ilipo na kuchukuliwa, na wako walionyang'anywa wakiwa wamebakiza kidogo tu.

Katika jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja husema: karatasi imeandikwa kukodi, na kukodi ni halali, basi yamekwisha. Kundi la pili husema: kila bei ya mkopo iliyozidi bei ya taslimu ni riba. Makundi yote mawili yamekosea, kwani mkataba katika Sheria hutazamwa maana yake, si jina lililoandikwa juu yake.

Kwanza, kununua kwa mkopo. Tuseme pikipiki kwa taslimu ni shilingi 150,000, na mwenye duka akasema: kwa mkopo ni 210,000, utatoa 30,000 sasa, kisha 500 kila siku kwa siku 360. Mkiafikiana bei hiyo moja kabla ya kuachana, hiyo ni biashara halali kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilipitisha hivyo Jiddah mwaka 1990. Lakini Baraza hilo hilo lilisema kwamba kumtoza mdaiwa nyongeza kwa kuchelewa ni haramu. Nyongeza hiyo ndiyo riba ya zama za ujahili: lipa, au deni lizidi. Na Qurani, katika Suratul Baqara aya ya 280, imeamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa.

Lakini tazameni ni nani anayeuza. Ikiwa kampuni haikuinunua pikipiki ikawa yake, bali imemlipia kijana bei dukani ili awarejeshee zaidi, basi hiyo si biashara ya pikipiki. Ni fedha zilizokopeshwa kwa fedha nyingi zaidi, nayo ni riba tupu, hata likaitwa jina gani.

Pili, ikiwa mmeuziana, pikipiki ni ya mnunuzi tangu siku hiyo. Muuzaji anaweza kuifanya rahani, lakini hawezi kusema kuwa ni yake mpaka shilingi ya mwisho. Akishindwa mdaiwa, rahani huuzwa, mdai akachukua haki yake, na kilichozidi hurudishwa. Aliyebakiza deni la 20,000, na pikipiki ikauzwa 90,000, basi 70,000 ni mali yake, baada ya kuondoa gharama ya kuuza. Kuzichukua hizo ni kula mali ya mtu kwa batili.

Tatu, kukodi kunakoishia kumiliki. Baraza la Fiqhi lililokutana Riyadh mwaka 2000 lililikubali jambo hili kwa masharti. Kukodi kuwe kukodi kweli, si pazia la kuuza. Kumilikisha kuwe kwa mkataba mbali, kama zawadi au mauzo baada ya muda kwisha. Na muda wote wa kukodi, hasara ya chombo kisichoharibiwa kwa uzembe iwe juu ya mwenyewe, na bima vile vile. Sasa someni karatasi zenu: pikipiki ikiibwa, au injini ikifa bila ya kosa la mpandaji, nani anaendelea kulipa? Ikiwa ni kijana, basi mwenye chombo amechukua faida ya mwenye mali na akaikimbia hasara yake.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Wako Waislamu kati yetu wenye pikipiki mbili tatu, wanaowapa vijana kwa hesabu ya kila jioni. Kukodisha huko ni halali. Siku ya mvua ambayo abiria wamepungua, kodi yawajibika, kwa kuwa chombo kilikuwa tayari kwa kazi. Lakini siku ambazo pikipiki imelala kwa fundi bila ya kosa la mpandaji, hakuna kodi, na matengenezo makubwa ni juu ya mwenyewe. Mtu anayeswali safu ya kwanza kisha akadai hesabu ya pikipiki isiyokwenda, na ajiulize anakula nini.

Basi dawa ni nini? Si hirizi ya kufungwa chini ya kiti ili riziki ivutike. Hiyo ni kuongeza upotofu juu ya deni. Dawa ni elimu na umoja. Kijana asitie saini karatasi asiyoielewa. Aje nayo darsani isomwe neno kwa neno. Na wenye uwezo waungane: wanunue pikipiki kwa fedha zao, waimiliki, kisha wauze kwa bei moja iliyo wazi, bila ya faini, na waandike deni na kushuhudisha kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Sura hiyo hiyo. Au washirikiane na kijana katika chombo, naye akinunua fungu lao kidogo kidogo mpaka kiwe chake. Watu kumi wenye nia njema wanatosha kuanza, na pikipiki moja inatosha kuwa mfano.

Tukilala, vijana wetu wataendelea kulipa bila ya kumiliki, na sisi tutaulizwa mbele ya Mola wetu kwa nini tuliwafundisha udhu tukaacha kuwafundisha biashara.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake na atuepushe na haramu yake. Amin.