Kimya na Usikivu: Suala la Adabu ya Hadhira Ukumbini

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria onyesho la tamthilia iliyokuwa ikitahiniwa katika shule za sekondari. Ukumbi ulifurika wanafunzi. Ilipofika sehemu ambapo mume anampiga mkewe, kicheko kilizuka katika viti vya nyuma, kikaenea ukumbi mzima. Mwigizaji wa kike, aliyekuwa ameanguka sakafuni, alisita katikati ya usemi wake. Mwalimu mmoja alisimama akaamuru kimya, nacho kikapatikana. Onyesho likaendelea mbele ya hadhira iliyotulia tuli. Je, kosa lilikuwa limerekebishwa? Makala haya yanashikilia kwamba halikurekebishwa, kwa kuwa kosa lenyewe halikuwa kelele.

Yafaa kwanza tuihoji dhana kwamba kimya ndicho kiini cha adabu ya hadhira. Katika utambaji wa ngano, fanani asemapo "Paukwa!" hadhira hupaswa kuitikia "Pakawa!" Anayenyamaza hapo ndiye anayekosa adabu, kwani humnyima fanani idhini ya kuendelea. Hata huko Ulaya, kimya cha ukumbini si cha tangu jadi. Watazamaji wa Shakespeare katika jumba la Globe waliigiziwa mchana, wengi wao wakiwa wamesimama uani, kila mmoja akiuona uso wa mwenzake. Desturi ya kumwacha mtazamaji gizani ilishika mizizi katika karne ya 19. Richard Wagner aliisisitiza katika jumba lake la Bayreuth, lililofunguliwa mwaka wa 1876. Jumba la kitaifa la maigizo jijini Nairobi lilipofunguliwa mwaka wa 1952, chini ya ukoloni, desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kuwa ndiyo ustaarabu wenyewe.

Hata hivyo, haifuati kwamba kila sauti ya hadhira ni halali. Tuzingatie mfano wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka wa 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoiandaa tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda* pamoja na wanakijiji, mazoezi yalifanyika hadharani. Watazamaji waliyakatiza ili kusahihisha lugha na matendo ya waigizaji, nayo kazi ikaimarika. Wanakijiji hao waliingilia kati kwa sababu walikuwa wamesikia. Wanafunzi wetu walicheka ili wasisikie. Tofauti ya kimaadili imo hapo, wala haimo katika kiasi cha sauti. Kwa kigezo hichohicho, mtazamaji anayelirekodi onyesho zima kwa simu, kimya kabisa, aweza kuwa hayupo ukumbini hata kidogo.

Nani basi alikosewa siku ile? Mwigizaji alikosewa, bila shaka, na vilevile jirani aliyetaka kufuatilia. Lakini yupo wa tatu, ambaye mijadala ya adabu aghalabu humsahau. Katika ukumbi wenye mamia ya vijana, ni vigumu kudhani kwamba hapakuwapo hata mmoja aliyewahi kumwona mamaye akipigwa. Kwake yeye, kicheko kile kilikuwa hukumu: kwamba maumivu ya nyumbani kwao ni kichekesho. Amri ya mwalimu haikuibatilisha hukumu hiyo. Iliizima sauti yake tu.

Yamkini msomaji atapinga kwamba kicheko cha vijana mara nyingi ni haya au hofu, na kwamba yaliyomo moyoni hatuyajui. Pingamizi hili lina uzito. Wapo waliocheka, pengine, kwa kuwa tukio lile liliwagusa mno. Ndiyo maana sipendekezi hadhira ihukumiwe kwa nia yake. Ninapendekeza tuulize sauti yake imewaachia nini wengine: nafasi zaidi ya kusikia, au finyu zaidi? Isitoshe, anayeamuru kimya naye hana budi kuulizwa swali hilo. Mnamo Novemba 1977 serikali ilifuta kibali cha onyesho la Kamĩrĩĩthũ, na hadhira iliyokuwa imezoea kusema ikanyamazishwa pamoja na jukwaa lake. Utulivu wa aina hiyo hauwezi kuitwa adabu.

Ikiwa hoja hii ina mashiko, wajibu wa mwalimu wa fasihi hauishii kwenye kuwanyamazisha wanafunzi. Onyesho likiisha, taa ziwashwe na waulizwe: mlicheka nini? Swali hilo liulizwe bila kiboko, na jibu lisubiriwe. Siku ile hakuna aliyeliuliza. Nami nilikuwapo, nimeketi safu ya tatu. Nilinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, nikaondoka nikijihesabu miongoni mwa waliokuwa na adabu.