Nani Aliikagua Kompaila?

Anko ana hadiwea huko Thika. Madeni ya mafundi anayaweka kwenye kompyuta ya Windows 98, ndani ya programu ambayo kijana fulani alimwandikia kwa lugha ya C kitambo. Siku moja akanipigia simu. Fundi amechukua simiti na mabati ya 33,000, na mashine inasema eti duka ndilo linadaiwa 32,536.

Kosa nililiona haraka. Programu ilitumia namba za biti 16, na hizo zinafika 32,767 tu. Ukipita hapo, zinageuka hasi. Dawa yake ni kubadilisha neno moja, "int" liwe "long". Shida ilikuwa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya C kuwa kitu mashine inaweza kuendesha. Ya laptopu yangu ilitoa faili ambayo Windows 98 iliikataa. Nikatafuta Turbo C, iliyotoka 1987. Niliipata kwa flashi ya beshte, na yeye hakumbuki aliitoa wapi.

Ilifanya kazi. Hapo ndipo nikakwama.

Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alionyesha kwamba kompaila inaweza kubeba mtego. Inaweka mlango wa siri ndani ya programu unayotengeneza, na ukiitumia kutengeneza kompaila mpya, mtego unahamia huko pia. Soma msimbo wote mstari kwa mstari, hutaona kitu.

Sasa nina haki gani kumwambia Anko "iko sawa"? Tena aliniita akiamini nilimaliza chuo. Niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na sikuwahi kumwambia. Mimi nashuku flashi ya beshte, na yeye hajui hata kwamba ana sababu ya kunishuku mimi.

Wengine watasema usimwamini mtu. Haiwezekani. Hata ukiandika kompaila yako mwenyewe, chipu imetengenezwa na mtu mwingine. Kuamini lazima tuamini. Naona deni letu ni kumwambia anayetuamini tumekagua mpaka wapi.

"Anko," nikamwambia, "chuo sikumaliza. Na hii kitu siwezi kukuapia."

Akanyamaza. Halafu akatoa daftari za zamani chini ya kaunta. "Keti. Wewe soma mashine, mimi nasoma daftari."

Mwaka 2005 David A. Wheeler alipendekeza jibu kwa Thompson: pitisha msimbo wa kompaila unayoshuku kwa kompaila nyingine isiyohusiana nayo, kisha ulinganishe matokeo. Yaani tafuta shahidi wa pili. Anko hajawahi kumsikia Wheeler.

Tulihesabu mpaka saa mbili usiku. Jina moja tu halikulingana, na kosa lilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe.