Mwenye Kutoa Sarafu na Amana Yake

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu wahudhuriao darsa: serikali itoayo sarafu yake yenyewe yapata wapi fedha ya kutumia? Na ikiwa yaweza kuitoa, mbona kila mwaka hutwambia kwamba haina? Mmoja wao aliongeza kuwa noti zote ni hadaa, kwani ni karatasi isiyo na dhahabu nyuma yake. Suala hili si la watu wa mabenki peke yao. Ndani yake mna haki na dhulma, na kwa hivyo lawapasa Waislamu kulitazama.

Twaanza na hilo la karatasi. Baladhuri ametaja katika Futuhul Buldan kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, aliazimu kufanya dirhamu kwa ngozi za ngamia. Akaambiwa kwamba akifanya hivyo ngamia hawatasalia, naye akaacha. Tazameni ni lipi lililomzuia. Hakuambiwa kuwa ngozi haifai kwa sababu si dhahabu wala fedha. Aliambiwa kuwa wanyama watakwisha. Na Imam Malik, kama ilivyopokewa katika Mudawwana, alisema kwamba watu lau wangepitisha ngozi baina yao kuwa sarafu, angechukia ziuzwe kwa dhahabu na fedha kwa kuakhirisha. Yaani alizipa hukumu ya sarafu. Basi karatasi kwa dhati yake si hadaa. Hadaa, ikiwapo, iko katika mkono wa mwenye kuitoa.

Zama za ukoloni Serikali ya hapa haikuwa na mkono huo. Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwekwa London, ilitoa shilingi kwa kupokea pauni za Kiingereza, na pasipo pauni hapakuwa na shilingi. Kenya ilipata Benki Kuu yake mwaka 1966. Tangu hapo mwalimu hulipwa mshahara kwa kuandikwa katika hesabu ya benki yake, na hesabu ya Serikali iliyo Benki Kuu ikapunguzwa. Kodi ikilipwa, huandikwa kinyume chake. Upungufu hukopwa, na mikopo iliyo mifupi ni kwa hati za Hazina za siku 91, 182 na 364. Kukopa kwa Benki Kuu yenyewe kumewekewa mpaka na sheria, usiozidi 5 kwa mia ya mapato ya kawaida ya Serikali yaliyokwisha kukaguliwa. Kwa hivyo isemwapo kwamba shilingi hazipo, maana yake ni kuwa mkono umefungwa na sheria, na huenda umefungwa kwa hekima. Si kwamba shilingi huchimbwa ardhini na mgodi umekauka.

Je, ni halali kuufungua mkono huo? Twaona hukumu hufuata hali ya mji. Wakiwapo waashi wamekaa barazani bila kazi, na mawe na chokaa yangoja, Serikali ikatoa sarafu ili wajenge hospitali, hatumjui aliyedhulumiwa. Lakini waashi wakiwa wote wako kazini na unga ni haba, sarafu mpya haizidishi unga. Wa kwanza kuipokea hununua kwa bei ya jana, na mjane mwenye akiba yake sandukuni hununua kwa bei ya kesho. Ametozwa kodi, na mtoza kodi hakubisha hodi.

Maqrizi, aliyepata kuwa muhtasibu wa Cairo, aliyaona haya. Katika kitabu alichokiandika juu ya njaa iliyoishika Misri tangu mwaka 806 wa Hijra, alitaja sababu tatu: vyeo kuuzwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa, na fulusi za shaba kuzagaa. Hakuitenga sarafu na rushwa, na hilo ndilo la kuzingatiwa.

Wako wasemao kwamba kukopa ni njia safi na kutoa sarafu ni njia chafu. Sisi hatuoni hivyo. Hati za Hazina hununuliwa zaidi na mabenki na wenye mali, nao hulipwa riba kwa kodi ambayo hata fakiri huchangia anunuapo sabuni. Na deni la dola ni zito zaidi, mfano wa dola bilioni 2 zilizokopwa na Kenya mwaka 2014 katika masoko ya ng'ambo, kwani dola si yetu kuitoa.

Mwaka 1992, mwaka wa uchaguzi, sarafu ilizidishwa sana nchini. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa kadiri ya 46 kwa mia, na shilingi ikaanguka mbele ya dola. Mzee mmoja wa darsa letu alikuwa akiweka akiba ya Hija miaka mingi. Shilingi zake zilikuwapo zote, hakuna iliyoibwa, na nauli ikawa imemkimbia. Alituuliza siku moja baada ya sala ya Isha: Siku ya Kiyama amdai nani? Kwa jina hatukuweza kumjibu.