Je, Ni Haki Kumficha Mzazi Madhara ya Dawa?

Siklofosfamaidi ni dawa ya saratani iliyotokana na utafiti wa gesi ya haradali, silaha ya Vita Kuu ya Kwanza. Hapa Uganda hutumika kutibu limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya za watoto na kukua kwa kasi. Bila tiba mtoto hufa. Akitibiwa mapema, anaweza kupona kabisa. Lakini dawa hiyo hupunguza pia chembe nyeupe za damu, huweza kujeruhi kibofu cha mkojo, na pengine kuleta ugumba baadaye.

Wapo wanaosema mzazi asiambiwe habari ya ugumba, asije akamtorosha mtoto wodini. Hofu hiyo naielewa, ila siikubali. Mtoto hawezi kujiamulia. Mzazi ndiye msemaji wake. Ukimficha mzazi, umewanyamazisha wote wawili. Tena mtoto huyo atakuwa mtu mzima. Siku atakapouliza kwa nini hazai, nani atamjibu?

Mimi ningechagua dawa, kwani uhai hutangulia uzazi. Lakini ningechagua nikijua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha madhara naye ataumbuliwa na aliyepona.